Nguzo Isiyo ya Mdachi

Kila nilipomwambia shangazi yangu kwamba baba yake alikwisha kufa zamani, alinijibu kwa maneno mawili tu: "Hakuja mtu."

Ilikuwa miaka ya ruksa, pale mitumba ilipofunguliwa na kila mwenye meza akawa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na yangu Kibiti, kando ya barabara kuu, nikiuza mashati na magauni ya Wazungu waliokwisha kuyachoka. Shangazi nilikuwa naye nyumbani, magoti yakiwa yamemkatalia shamba. Alikaa kibarazani tangu asubuhi, akisuka ukili na kusikiliza kila neno la kila mpita njia. Macho yalikuwa yamepungua, lakini masikio yake yangeweza kusikia mtu anakuna kichwa nyumba ya tatu.

Baba yake, yaani babu yangu, alichukuliwa upagazi katika vita vya Mdachi na Mwingereza. Shangazi alikuwa mtoto wa kuchezea majivu, na baba yangu mimi alikuwa bado tumboni. Walikuja watu, wakamkamata pamoja na wanaume wengine, wakambebesha mzigo, akaenda nao. Hakurudi. Bibi yangu alimngoja. Vita vikaisha, wenzake wachache wakarudi wamekonda, na hakuna hata mmoja aliyesema amemwona akifa. Kwa hiyo bibi yangu hakukaa eda. Wanaume walikuja kumposa, akawarudisha, yeye ni mke wa mtu. Alizeeka ni mke wa mtu, na alikufa ni mke wa mtu.

Na kwa kuwa hakukuwa na eda, hakukuwa na matanga wala hitima. Shangazi aliurithi ukaidi huo kama wengine wanavyorithi minazi. Shekhe wa msikiti wetu, mtu mpole sana, alikwisha kuja mara nyingi kumwambia, "Bibi, hata kama vita vilimwacha, umri haukumwacha. Tumsomee mzee hitima yake apumzike." Shangazi alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha kahawa, kisha akasema, "Hakuja mtu, shekhe."

Nilimuuliza siku moja, nikiwa nimeudhika kweli, ni mtu gani huyo anayemngoja.

"Mtu wa kuleta msiba," akasema, kana kwamba nimemuuliza chumvi ni nini. "Mtu akifa mbali, hutumwa mtu. Anakuja, anapiga hodi, anakaa, anaomba maji. Akishakunywa ndiyo anasema. Sasa weye umemwona nani kaja hapa akasema? Miye sikumwona. Mama hakumwona."

Nikamwambia waliokuwa wa kutumwa nao wamekufa wote. Akasema hilo si kosa lake.

Ningeweza kumwacha na ukaidi wake laiti asingeanza kudhoofika. Mwaka ule alianza kula kidogo, kisha kidogo zaidi, na usingizini akawa anazungumza na mama yake. Nilipomuuliza kinachomsumbua alisema wazi. "Nikifika huko mama ataniuliza habari ya baba. Kaniacha duniani miaka yote hii. Nitamwambia nini? Nitamwambia nilikuwa nasuka mikeka?" Akalia, na mimi nikaenda jikoni nikapigapiga sufuria.

Ndipo akatokea muuza kamba wakavu mmoja kutoka Mbwera, huko deltani. Alikuwa akija kuuza kamba na kununua mitumba ya kwenda kuuza visiwani. Akiwa anachagua suruali, akataja kwa bahati mbaya kwamba kwao kuna nguzo ya vita, ya zamani za Mdachi, yenye bamba la majina ya watu waliokufa. Alisema hivyo kwa sababu ya kupitisha wakati tu. Shangazi akatua ukili.

"Majina ya nani?"

"Ya waliokufa vitani, bibi. Ndivyo wanavyosema."

Tangu siku hiyo sikupata amani. Asubuhi nguzo, adhuhuri nguzo. Akanitaka niende nikamtazame baba yake kama yumo.

Nikaanza kwa ustaarabu, kosa langu la kwanza. Nilikwenda wilayani kumwona afisa anayehusika na mambo ya kale. Alikuwa na meza kubwa na kalenda ya mwaka uliopita. Akaniuliza hiyo nguzo iko chini ya nani. Nikamwambia ndilo nililokuja kumuuliza. Akasema mambo ya vita si utamaduni, nijaribu mlango wa pili. Wa mlango wa pili akasema vita ni historia, na historia ni utamaduni, nirudi mlango wa kwanza. Niliporudi, wa mlango wa kwanza alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilimngoja hadi kiti kikanichosha. Aliporudi akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, baada ya kuufunga mlango.

"Dada, niambie ukweli. Kuna nini chini ya hiyo nguzo?"

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa nilipofika nyumbani na kuikuta habari imenitangulia. Miaka ile, ukiuliza kitu chochote cha zamani, iwe daraja, iwe kaburi la Mzungu au ukuta uliobomoka, watu walijua jambo moja tu, kwamba unatafuta mali ya Mdachi. Eti alipokuwa anakimbia alifukia dhahabu, rupia na zebaki nyekundu, akaweka alama juu yake ili arudi kuchukua. Kibiti nzima ikaamua kwamba mimi nina ramani. Wateja walikuja kwenye meza yangu, wakashika blauzi bila kuitazama, wakaninong'oneza kwamba wana kijana mwenye chombo cha kupima. Mtu mmoja kutoka Dar alivaa miwani myeusi na kujiita mtaalamu. Alinitaka nimtajie mahali tu, mengine amwachie yeye. Nikamwambia natafuta jina la babu yangu. Akacheka, akanisifu kwa siri nzuri.

Hata mdogo wangu wa kiume, ambaye babu alikuwa wake kama alivyokuwa wangu, alikuja jioni akiwa na uso wa heshima nisiouzoea.

"Dada, huwezi kwenda deltani peke yako. Nitakusindikiza."

"Kwa nini?"

"Babu ni babu yetu sote."

Maneno mazuri. Tulipofika Nyamisati kupanda boti, niliona amebeba mkeka mrefu uliokunjwa, na katikati ya mkeka kuna sururu. Niliitazama ile sururu, nikamtazama yeye. Akasema ni ya kusafishia kaburi, iwapo lipo.

Boti ya mashine ilijaa kreti za soda, magunia ya sukari na watu waliokaa juu yake. Tukapita mkono baada ya mkono wa mto, mikoko huku na huku, mashine ikizimika kila ilipojisikia. Nilikuwa nimefunga meza yangu msimu wa korosho, wakati watu wana fedha mkononi na wananunua, na kila mashine ilipozimika niliona mteja anakwenda kwa jirani yangu.

Tulipofika Mbwera, mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri mno. Nilipotaja nguzo akatutazama mimi, mdogo wangu na mkeka. Akasema kijiji hakina kinyongo, ila mali yoyote itakayopatikana ni lazima igawanywe kwa haki. Nikamweleza habari ya babu. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akarudia kwamba igawanywe kwa haki.

"Nguzo yenyewe ilijengwa na nani?" nikamuuliza.

"Mdachi, alipokuwa anakimbia. Mwingereza yuko nyuma yake, risasi zinalia."

"Yaani anakimbizwa kwa risasi, anasimama kukoroga saruji?"

"Mdachi alikuwa mtu hodari sana," akasema mwenyekiti.

Mzee mwingine aliyekuwa hapo akasema hapana, ile ilikuwa alama ya mpaka. Wa tatu akasema baba yake alimhadithia kwamba ilijengwa vita vikiwa vimekwisha, wakati wa Mwingereza. Alikuja bwana mkubwa kwa boti, watu wakapigishwa ngoma, ng'ombe akachinjwa, na waliopiga ngoma hawakuambiwa ni ngoma ya nini. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa na sura ya ukweli, kwa hiyo hakuna aliyeitilia maanani, na mzee mwenyewe akaanza kuona haya.

Tukavuka kijito kwa mtumbwi, tukatembea pembeni mwa mashamba ya mpunga yaliyokuwa yanasafishwa, tukapita madungu ya kulindia nguruwe na ndege, hadi mwenyekiti akasema, "Hii hapa."

Lilikuwa shimo.

Kando yake nguzo ya saruji imelala ubavu, imeota ukoga, pana kovu la mraba mahali ambapo bamba lilikuwa. Wachimbaji walikuwa wamekuja kabla yangu, watu wa kutoka mjini, akasema mwenyekiti, na walichimba hadi wakakuta maji, kwa sababu deltani ukichimba unakuta maji, jambo ambalo hata mtoto wa pale anajua. Nilikaa juu ya ile nguzo nikashika tama. Nilikuwa nimefunga biashara, nimesugua viti vya maofisa, nimepigwa na jua na moshi wa mashine, nije kutazama shimo lenye vyura.

Mdogo wangu alitazama shimo kwa makini.

"Hawakufika chini vizuri," akasema, na akaanza kukunjua mkeka.

Sikuwa na nguvu za kugombana naye. Nilimwacha anaingia kwenye tope, mwenyekiti amesimama ukingoni kulinda haki ya kijiji, nikarudi kijijini kuuliza bamba liko wapi. Kila niliyemuuliza alisema limechukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Miaka ile walikuwa wakizunguka kila mahali, wakinunua sufuria mbovu na vyuma vya meli ya Mdachi iliyozamia huko mtoni. Nikaamini. Nikaamua kukaa kwenye kivuli cha nyumba moja kungoja boti.

Mama mwenye nyumba alikuwa anakaanga korosho uani. Korosho zikilia mafuta, moshi ukipanda, naye amegeuza uso pembeni, anageuza kwa kijiti kirefu. Nilizikohoa zile korosho kabla sijaziona. Kisha nikaona alichokuwa anakaangia. Halikuwa bati. Lilikuwa nene, lina pembe nne sawasawa, na kila pembe ina tundu la parafujo.

"Mama, hicho umekipata wapi?"

Akaniambia bila kuficha. Wale wachimbaji walilitupa, walitaka dhahabu. Mume wake akaliokota. Walipokuja wa vyuma chakavu yeye mwenyewe alilificha chini ya kitanda, kwa sababu bati la kukaangia halimalizi msimu mmoja, chumvi ya hewa inalila, na hili haliliwi. Kasoro yake ilikuwa moja, halikuwa na matundu ya kutolea mafuta, ikabidi mumewe alitoboe kwa msumari na nyundo. Alilitoboa vizuri, matundu mengi, kwa mistari.

Nikamwomba tulisafishe. Alishangaa, lakini alikuwa mtu mwema, akalingoja lipoe, akaniletea majivu na ndimu. Nikasugua hadi vidole vikaniuma. Herufi zikaanza kutoka, moja moja, kati ya matundu. Yalikuwa maneno ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha darasa la nane, lakini kilitosha. Nguzo ile haikuwa ya Mdachi hata kidogo. Mwingereza ndiye aliyeiweka, kwa ajili ya watu wake. Yalikuwepo majina ya Wazungu, kila mmoja na cheo chake mbele. Cheo cha mmoja kilikuwa kimepigwa msumari katikati. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi, palikuwa na mstari mmoja kuwataja wapagazi waliokufa pamoja nao.

Nikageuza bamba nyuma, labda majina yao yameandikwa huko. Nyuma palikuwa na masizi.

Hapakuwa na jina hata moja la mpagazi. Wala idadi yao. Wapagazi, basi, kama mtu anavyosema magunia. Nilimsomea yule mama. Akasikiliza, akauliza, "Sasa hao walikuwa hawana majina?" Nikamwambia walikuwa nayo. Hasira zilinipanda pale uani. Watu waliojua kuandika cheo cha kila mmoja wao walishindwa kuuliza jina la mtu aliyewabebea chakula.

Yule mama aliniuliza kwa wasiwasi kama nimekuja kulichukua. Nikatazama jiko lake na lile gunia la korosho mbichi lililokuwa linamngoja. Nikamwambia aendelee nalo. Akanifungia korosho zilizokaangwa, kifurushi kikubwa, akakataa malipo.

Mdogo wangu nilimkuta amekaa kando ya shimo, tope hadi kiunoni, sururu imevunjika mpini. Mwenyekiti alikwisha kwenda zake kuswali.

Kurudi ilikuwa adhabu nyingine. Maji yalikupwa, boti ikakaa juu ya fungu, tukangoja yajae huku mdogo wangu akinieleza kwamba tatizo ni chombo, tungekuwa na chombo cha kupimia tungejua. Nyamisati tukapata lori la boriti, nikakaa juu ya boriti. Tulifika Kibiti alasiri. Nilikuwa sijaoga, nina moshi wa korosho kwenye nywele na chumvi usoni. Nikapiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, kwa kuwa shangazi alikuwa ameubana mlango kwa kiti, nikajitupa kwenye mkeka wa kibarazani.

"Shangazi, nipe maji."

Akaniletea mwenyewe, kwa kata, akijikokota na magoti yake. Nikanywa yote. Akakaa mbele yangu.

"Umeliona jina?"

Njiani kote nilikuwa nimepanga namna ya kumweleza polepole. Lakini mdogo wangu akaanza kuzungumza habari ya kina cha shimo. Shangazi akamnyamazisha kwa mkono, akauliza tena.

"Nauliza jina la babaangu. Umeliona?"

"Sikuliona, shangazi. Hawakuandika majina ya wapagazi."

Akatingisha kichwa, karibu ameridhika. "Si umeona? Hayumo. Basi miye siwezi kusema kama kafa."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa, uchovu wa maofisa wote, wa mwenyekiti, wa sururu na wa yule mtu wa miwani.

"Shangazi, babaako amekufa!" nikapaza sauti. "Amekufa vitani, amekufa na mizigo ya watu kichwani! Wenzake wamekufa naye, wameandikwa mstari mmoja wote kwa pamoja, na watu wanakaangia korosho juu yake! Nimetoka huko. Nimekwenda na miguu yangu, nimeona kwa macho yangu, nimerudi nakwambia. Amekufa!"

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, taratibu." Nami nikajiandaa kwa jibu lile lile la maneno mawili.

Halikuja. Shangazi aliitazama ile kata tupu mkononi mwangu. Alinitazama mimi, vumbi langu, miguu yangu. Kisha akaweka mikono yote miwili kichwani, akatoa ukelele ambao sikujua kama kifua kile kidogo kinao.

"Uwii! Babaangu wee! Babaangu!"

Jirani wa kulia alifika kabla ukelele haujaisha. Wa kushoto akaruka uzio. Kwetu kilio kikilia watu hawaulizi kwanza, wanakuja. Mikeka ikatandikwa, wanaume wakaleta majamvi nje, mtu akatumwa kwa shekhe, wanawake wakajifunga kanga wakaingia jikoni kwangu na kuniuliza mchele uko wapi. Wakati wote huo walikuwa wananiuliza nani amefariki.

"Baba yake shangazi."

"Baba yake shangazi yupi?"

"Huyu."

Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama mzee alikuwa anaumwa muda mrefu. Nikamwambia sana. Yule mtaalamu wa miwani myeusi naye alikuja kutoa pole, na nina hakika alitazama chini ya vitanda. Mdogo wangu, na tope lake kavu, akakaa jamvini kupokea watu, na nikaona anafuta machozi kwa kiganja. Sikumsema.

Siku ya tatu ikasomwa hitima. Shekhe akauliza jina la marehemu, ili alitaje katika dua, na shangazi akalitamka kwa sauti. Nilikuwa sijapata kulisikia likitoka kinywani mwake. Maisha yake yote alisema babaangu tu. Watu wakaitikia amin. Nikapitisha kahawa na zile korosho za Mbwera kwenye sinia, zikaliwa zote, zikasifiwa.

Watu walipoanza kutawanyika, shekhe aliinama kwa shangazi, akamwambia kwa upole wake ule ule, na tabasamu kidogo.

"Bibi, si nilikuwa nakwambia miaka yote hii?"

Shangazi alikuwa anakula. Alikuwa na sahani ya wali mbele yake na alikwisha kuifikisha nusu. Akameza kwanza.

"Ulikuwa unanambia, shekhe," akasema, na akaninyooshea kidevu mimi niliyekuwa nimesimama na sinia tupu. "Huyu kaja."